Karakana ya Wasomaji: Kina cha Tundu Kwenye Drili ya Mezani ya Mtumba

Mwezi huu zimenifikia barua tatu zinazouliza jambo moja kwa njia tatu tofauti, nalo ni namna ya kuiwekea kikomo mashine kongwe ya kutobolea ili biti isimame pale fundi anapotaka, isipungue wala isizidi. Nimeamua kuzijibu pamoja, kwa sababu maelezo marefu ya barua ya kwanza yatawafaa pia walioandika ya pili na ya tatu.

SWALI LA KWANZA

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi seremala hapa Tanga na kazi yangu kubwa ni kabati za jikoni. Mwaka jana nilinunua drili ya mezani ya Kiingereza, kongwe lakini nzito na imara, kutoka karakana iliyokuwa inafungwa. Pembeni mwa bomba linaloshuka na biti kuna ufito wenye hesi, yaani meno ya skrubu, nati moja, na bamba dogo lenye alama za inchi. Ninatoboa matundu ya bawaba za kikombe, ya milimita 35, kwenye mbao za MDF, zile za unga wa mti ulioshindiliwa, zenye unene wa milimita 16. Ninaweka nati kwenye alama ya nusu inchi. Tundu la kwanza lilikuwa fupi hata kikombe hakikuzama, nikaongeza kidogo, matundu machache yakawa mazuri, kisha yakaanza kuzidi kina yenyewe bila mimi kugusa kitu. Milango minne imetoboka hadi upande wa mbele. Je, mashine imechoka, au mimi ndiye sijui kuitega?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa milango minne, maana ubao wenye uso wa kung'aa ukishatoboka upande wa mbele hauna dawa; hakuna rangi wala nta inayolificha doa lile. Nimeisoma barua yako mara mbili, na sioni dalili kwamba mashine yako imechoka. Ninachokiona ni kwamba umeliamini bamba la inchi kuliko linavyostahili, na hesabu yako ya nusu inchi imekuachia nafasi finyu mno, kiasi kwamba kasoro ndogo ambayo kwenye kazi nyingine usingeitambua, hapa inaharibu mlango.

Tuanze na hesabu hiyo. Nusu inchi ni milimita 12.7. Biti ya bawaba ina ncha katikati, na ncha hiyo huyatangulia makali kwa milimita 2 hadi 3 kwenye biti nyingi. Ukichukua 3 na kuijumlisha na 12.7 unapata 15.7, na ubao wako una 16. Kilichobaki kati ya ncha ya biti na uso wa mlango ni milimita 0.3, yaani unene wa karatasi tatu hivi za daftari. Hata mashine mpya kabisa ingekutobolea mlango siku moja kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo, kabla hujaigusa nati, kipime kikombe cha bawaba unayoitumia. Vingi vinahitaji kina cha milimita 12 hivi, vingine hukaribia 13, na hakuna faida yoyote ya kukipa kikombe kina kisichokihitaji. Kisha ipunguze ncha ya biti kwa kinoo laini hadi ibaki milimita moja na nusu, ukiizungusha sawasawa ili isihame katikati. Kama ni biti yenye vipande vya kabaidi, yaani madini magumu sana ya kukatia, kinoo cha almasi ndicho kitakachoiweza. Ukitoboa kina cha 12 kwa ncha ya 1.5, jumla ni 13.5, na sasa una milimita 2.5 za ubao chini ya ncha badala ya karatasi tatu.

Sasa tuliangalie bamba. Alama zake zinaonyesha umbali ambao bomba la shafti limeshuka kutoka pale linapopumzikia juu, na si zaidi ya hapo. Halijui biti yako ina urefu gani, halijui meza umeiweka juu au chini, na wala halijui ubao una unene kiasi gani. Ukisoma nusu inchi kwenye bamba ilhali ncha ya biti ilikuwa bado haijaugusa ubao pale mshale uliposimama kwenye sifuri, umbali ule wa hewani umehesabiwa kama kina, na tundu linakuja fupi. Hata kama sifuri uliichukua kwa kugusisha biti kwenye ubao, inaelekea uligusisha ncha, si makali, ukapata milimita 9.7 ulipodhani umepata 12.7. Ndiyo maana tundu la kwanza halikukimeza kikombe. Isitoshe, kwenye mashine iliyopita mikononi mwa watu kwa miaka mingi, bamba lenyewe huenda limewahi kufunguliwa na kurudishwa mahali pasipo pake. Kwa hiyo, mwanangu, liache bamba lionyeshe makadirio tu. Kina chenyewe kipime kwa kitu unachoweza kukishika mkononi.

Nitakueleza ninavyofanya mimi. Chukua kipande cha mninga au mbao nyingine ngumu, ukipige randa hadi kiwe na unene wa milimita 12 kamili kwa kipimo cha kalipa, kisha ukichonge mfereji upande mmoja ili kiweze kuupanda ule ufito wa hesi kama tandiko juu ya punda. Hicho ndicho kipimo chako, na ukikiandika namba kwa kalamu ya wino kitakutumikia miaka mingi. Halafu chukua kipande cha MDF cha kutupa, chenye unene uleule wa milango yako, ukifunge mezani kwa klampu mbili ili kisisogee hata kidogo. Washa mashine, shusha biti polepole hadi makali yakwaruze duara jembamba, la kuonekana tu, kisha zima na uchomoe waya ukutani. Biti ikishasimama, ishushe tena kwa mkono katika alama ileile, ncha ikae kwenye kitundu chake na makali yalale juu ya duara. Hapo ndipo ilipo sifuri ya kweli. Kama mashine yako ina kitasa cha kulifunga bomba lisipande, kifunge. Kama haina, funga mkono wa mashine kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ili springi isiurudishe juu. Sasa weka lile tandiko la milimita 12 juu ya sikio la chuma ambalo ufito unapita ndani yake, teremsha nati hadi ilikalie tandiko bila kulibana, kisha litoe tandiko. Pengo lililobaki kati ya nati na sikio ndilo kina cha tundu lako. Bomba litashuka umbali huo na halitaweza kwenda mbele zaidi.

Tafadhali usiuguse mlango wa mteja kabla ya kutoboa tundu moja kwenye kile kipande cha kutupa na kulipima. Tumia mkia mwembamba wa kalipa, ukiusimamisha pembeni mwa sakafu ya tundu na si katikati, kwa sababu katikati kuna kishimo cha ncha na kitakudanganya.

Limebaki lile linalokusumbua zaidi, yaani kina kuongezeka chenyewe. Umeandika kwamba ufito una nati moja, na sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niishike kalamu. Nati moja inayotetemeshwa na mota siku nzima, na kugongwa na sikio kila unapofika mwisho, lazima itazunguka. Tuseme ufito wako ni wa inchi 3/8 kwa hesi ya Whitworth, ile ya zamani ya Kiingereza, ambayo ina meno 16 kwa inchi: mzunguko mmoja wa nati ni karibu milimita 1.6, na robo ya mzunguko, ambayo jicho haliioni kwa urahisi, ni milimita 0.4. Nawe ulikuwa umebakiwa na 0.3. Ndiyo sababu mashine kama hizi zilitoka kiwandani na nati mbili, ya chini ya kupimia na ya juu ya kuifunga ya chini. Ya pili imepotea njiani, nayo itabidi uitafute.

Katika kuitafuta, usikubali kuuziwa nati yoyote inayoonekana kulingana kwa macho. Mashine za Uingereza za zamani zilitumia hesi iliyopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, ambayo meno yake yana pembe ya nyuzi 55, wakati hesi za milimita na za Kimarekani zina nyuzi 60. Nati ya M10, yaani ya hesi ya milimita yenye kipenyo cha 10, kwenye ufito wa inchi 3/8 huingia ikilegalega na kushika meno machache tu, kisha siku moja inateleza katikati ya kazi. Kwenye ufito wa nusu inchi tofauti iko wazi zaidi: Whitworth ya kawaida ina meno 12 kwa inchi, ile ya Kimarekani ina 13, na ukiilazimisha moja juu ya nyingine utauharibu ufito ambao hutaupata tena dukani. Nenda na ufito wenyewe mkononi kwa fundi wa mashine ya kukereza, ahesabu meno kwa kipimo cha hesi. Asipokuwa na nati ya kukufaa, akukerezee moja ya shaba nyeupe au chuma. Ni kazi ya muda mfupi kwa anayejua. Ukiipata, shika ya chini kwa spana isizunguke huku ukiikaza ya juu dhidi yake.

Yapo mambo mengine manne yanayobadilisha kina, na ningependa uyachunguze kwa siku moja ili ujue mashine yako ina tabia gani. La kwanza ni unga wa MDF unaojikusanya juu ya meza. Ubao ukikaa juu ya unga wa unene wa nusu milimita, uso wake unaikaribia biti kwa nusu milimita, na tundu linazidi kwa kiasi hichohicho. Nina hakika hili lilichangia msiba wako, kwa sababu unga huongezeka kadiri kazi inavyoendelea. Brashi iwe karibu na mkono wako na meza ifagiliwe baada ya kila tundu. La pili ni pete inayoubana ufito kwenye bomba: skrubu yake ikilegea, ufito wote unateleza, na hapo hata nati kumi hazitasaidia. La tatu ni biti kuteleza kwenye kishikio. Kikaze kwa ufunguo kwenye matundu yake yote matatu, si moja tu, na uutoe ufunguo kabla ya kuwasha.

La nne ni mchezo wa shafti, yaani kuchezacheza kwake ndani ya bomba. Kishike kishikio cha biti kwa mkono mashine ikiwa imezimwa, kisukume juu na ukivute chini. Ukihisi kinagonga, ujue beringi zimelika au nati ya juu ya shafti imelegea, na athari yake ni hii: unapochukua sifuri shafti inaning'inia kwa uzito wake, lakini inapotoboa ubao unaisukuma juu, na tundu linakuwa fupi kwa kiasi cha mchezo huo. Hadi utakapoirekebisha, jizoeze kuchukua sifuri ukiwa umekandamiza mkono wa mashine kidogo, ili shafti iwe imepanda kama itakavyokuwa kazini.

Na mkono wako wenyewe uufunze. Nati ikigusa sikio, kazi imekwisha. Fundi anayeendelea kukandamiza anaupinda ufito, analikunja sikio la chuma cha kusubu, na anaishusha meza, na kwa nguvu za kawaida za mtu mzima anaweza kuongeza au kupunguza sehemu ya milimita bila kujua. Sikio la kusubu halionyi kabla ya kuvunjika. Nimeliona moja likikatika kama biskuti mikononi mwa kijana hodari aliyedhani nguvu ndiyo ustadi.

SWALI LA PILI

Mwalimu, shikamoo. Ninafanya kazi ya vyuma Arusha. Drili yetu ya mtumba haina ufito. Ina pete yenye alama za inchi kwenye ekseli ya mikono, na skrubu ya kuifunga. Nina bamba la chuma la milimita 20 ambalo nataka kulitoboa matundu manane ya hesi ya M10, ambayo hayatakiwi kutokea upande wa pili. Nitege kina gani, na je, pete hii inaaminika? Mikono pia hairudi juu yenyewe tena.

JIBU

Marahaba, binti yangu. Pete inaaminika kwa kadiri ulivyoipima mwenyewe, na kuipima ni rahisi. Weka mezani kipande cha chuma unachoujua unene wake kwa kalipa, tuseme milimita 25.4 ambayo ni inchi moja kamili. Gusisha ncha ya biti juu yake, ifunge pete kwenye sifuri, kiondoe kipande, kisha shusha hadi ncha iguse meza. Pete ikisoma inchi moja, ni nzuri. Ikisoma pungufu au zaidi, huenda gia ya ndani iliwahi kubadilishwa kwa nyingine isiyo yake, na itakubidi uandike kando ya mashine tofauti hiyo ni kiasi gani. Kumbuka pia kwamba pete haikai kwenye bomba lenyewe kama ule ufito wa fundi wa Tanga. Inapima mzunguko wa ekseli, na kati ya ekseli na bomba kuna meno, na kati ya meno yaliyolika kuna nafasi. Kwa hiyo kila unapochukua sifuri, sukuma mkono kidogo kuelekea chini hadi meno yakae upande ule yatakaofanyia kazi.

Kuhusu bamba lako, hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa hufikiria hesi tu na kusahau vitu vitatu vinavyokaa chini yake. Biti ya kutangulia hesi ya M10 yenye hatua ya milimita 1.5, yaani umbali kati ya jino na jino, ni ya milimita 8.5. Ncha ya biti ya kawaida, iliyonolewa kwa pembe ya nyuzi 118, ina urefu wa takriban 0.3 ya kipenyo chake, yaani 8.5 mara 0.3, ambayo ni milimita 2.55. Tapu, yaani chombo cha kukatia hesi ndani ya tundu, nayo haikati hesi kamili hadi kwenye ncha yake: hata ile ya mwisho, ya kumalizia, ina jino moja au mawili ya mwanzo ambayo hayajakamilika, kwa hiyo itengee milimita 3. Maranda ya chuma nayo yanahitaji pa kukaa. Yape milimita moja, na uyatoe kwa kuirudisha tapu nyuma mara kwa mara.

Ukitaka hesi kamili ya milimita 12, jumla ni 12 na 3 na 1, ambayo ni 16, kisha ncha ya 2.55, na unafika 18.55. Chini yake imebaki chini ya milimita moja na nusu ya chuma. Inawezekana, lakini mimi nisingeifanya kwenye mashine ambayo sijaizoea. Boliti ya M10 kwenye chuma cha kawaida inashika vizuri kwa hesi ya urefu unaolingana na kipenyo chake, yaani milimita 10. Basi tundu la kipenyo kamili liwe milimita 14, ncha ifike 16.55, nawe unabaki na karibu milimita 3.5. Kwenye pete yako ya inchi, ukichukua sifuri kwa ncha, alama iliyo jirani ni 21/32, ambayo ni milimita 16.67. Tofauti ya milimita 0.12 haina madhara hapa. Kama biti zenu zimenolewa kwa nyuzi 135, urefu wa ncha unapungua hadi takriban 0.2 ya kipenyo, na utaifanya hesabu upya.

Baada ya tundu la kwanza, pima kwa kutumia shina la biti ya milimita 8, upande ulio bapa ukitangulia. Litasimama karibu kabisa na pale kipenyo kamili kinapoishia, wakati mkia wa kalipa utazama hadi chini ya ncha na kukusomea milimita mbili na nusu usizoweza kuzikata hesi.

Springi iliyochoka haibadilishi kina, ila inauchosha mkono, na mkono uliochoka hautulii kwenye kikomo. Hiyo springi imezungushwa ndani ya kikombe kilicho ubavuni mwa kichwa cha mashine, mkabala na mikono, na inaongezwa nguvu kwa kukizungusha kikombe hicho hatua moja, kutoka mfereji mmoja hadi unaofuata. Tafadhali sana, chomoa umeme, vaa miwani, na usizitoe nati zake kabisa. Zilegeze tu kiasi cha kikombe kujinasua, ukikishika kwa nguvu muda wote. Kikiponyoka, springi ile inafumuka kwa ghadhabu na inaweza kukukata vidole. Msaidizi wa pili awepo.

SWALI LA TATU

Salaam aleikum. Nakuandikia kutoka Mombasa. Drili niliyoinunua imepoteza ufito na nati zake zote, limebaki sikio tupu lenye tundu. Natengeneza viti na natoboa matundu ya vigingi vya kuunganishia mbao, vya milimita 10. Nitatumia njia gani hadi nipate ufito mwingine?

JIBU

Waaleikum salaam, mzee mwenzangu. Kigingi cha urefu wa milimita 40 kinahitaji milimita 20 kila upande, na mimi huongeza moja kwa ajili ya gundi, kwa hiyo tuseme 21. Njia iliyo nyepesi ni kuivisha biti koti la mbao. Ifunge biti kwenye kishikio na upime inatokeza kiasi gani, kuanzia taya hadi makali. Ikiwa ni milimita 75, chukua kipande cha mti mgumu chenye urefu wa 54, kitoboe kwa biti ileile kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha uivishe biti hadi kipande kiegemee taya. Kilichobaki nje ni milimita 21, na koti likigusa ubao huwezi kwenda zaidi.

Koti hili lina sifa moja ambayo ufito hauna, nayo inafaa sana kwenye mbao za kupasuliwa ambazo unene wake hubadilika kutoka mwanzo hadi mwisho. Ufito hupima kutoka mezani, hivyo ubao ukizidi unene kwa milimita 2 tundu nalo linazidi 2. Koti hupima kutoka kwenye uso wa ubao wenyewe, na kina kinabaki kilekile popote. Kasoro yake ni kwamba linazunguka na biti na linaweza kuuchoma uso. Lichonge liwe na mwisho wa duara kama yai, ulipake nta ya mshumaa, na liinue mara linapogusa.

Kama koti halikufai, itumie meza. Kila mashine ina mwisho wake wa kushuka, hata isiyo na ufito. Lishushe bomba hadi chini kabisa, lifunge hapo, weka kando ya biti kipande chenye mstari uliochorwa milimita 21 kutoka juu, kisha ipandishe meza hadi makali yalingane na mstari, na uibane sawasawa kwenye nguzo. Mwisho wa kushuka unakuwa ndio kikomo chako. Ufikie kwa upole, kwa kuwa hapo ni meno ya gia yanayobeba mzigo.

Kuhusu ufito mpya, usiukereze kwa kubahatisha. Pima tundu la sikio kwa kalipa, uache nafasi ya nusu milimita ili ufito upite bila kukwama, na uchague hesi ya M10 au M12 ambayo nati zake unazipata duka lolote la vifaa hapo mjini. Huna sababu ya kuirudia hesi ya zamani wakati hakuna kipande chake hata kimoja kilichobaki. Kwa M10 kila mzunguko wa nati utakupa milimita 1.5 kamili, kwa hiyo ukiupaka ubavu mmoja wa nati alama ya rangi, nusu mzunguko ni 0.75, na utaweza kurekebisha kina kwa kuhesabu bila kupima upya. Agiza nati tatu: mbili za kazi, na moja ya akiba uifunge kwa waya kwenye kitako cha mashine.